Kabla ya Kujilipua: Mwongozo wa Maamuzi na Hatari kwa Mtu Mzima Mwenye ADHD

Muulize mtu mzima mwenye ADHD (hali ya ubongo inayovuruga umakini na kuleta pupa) saa nne asubuhi, akiwa ameshakunywa chai, kama ni busara kukopa ili ubeti. Atakupa hotuba. Atakueleza riba inavyokua, atakueleza kampuni za kubeti zinavyopata faida, na pengine atakutajia jirani aliyeuza friji. Mtafute huyohuyo saa tano usiku, amechoka, salio limebaki elfu kumi na mechi ya mwisho inaanza baada ya dakika nane: mkeka umeshawekwa. Akili yake ni ileile ya asubuhi. Kilichopungua ni muda kati ya kutaka na kutenda.

Ndiyo maana mawaidha ya "fikiri kabla ya kutenda" hayafui dafu hapa. Kinachosaidia ni kufikiri mapema, kichwa kikiwa kimetulia, kisha kuweka vizuizi mahali ambapo huhitaji kuvikumbuka: kwenye simu, kwenye akaunti, kwa ndugu, kwa daktari. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivyo. Huna haja ya kuzianza zote wiki moja, na ukijaribu kufanya hivyo utaziacha zote wiki ya pili.

Unapambana na nini hasa

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni: umakini unaopeperuka, utukutu uliopitiliza, na pupa. Hukadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 kati ya 100 duniani, na watu wazima kama 2 au 3 kati ya 100. Kurukaruka kwa mtoto hupungua kadiri umri unavyokwenda. Pupa na kutouhisi muda mara nyingi hubaki, na ukubwani vinakutana na mshahara, pikipiki na simu yenye mkopo wa papo hapo.

Edmund Sonuga-Barke, mwanasaikolojia wa Uingereza, ameandika tangu miaka ya 1990 kwamba kwa wengi wenye ADHD kusubiri kwenyewe kunaumiza. Anayechukua elfu ishirini ya leo na kuiacha elfu thelathini ya mwezi ujao anajua hesabu vizuri tu. Anachokimbia ni ule mwezi. Tena tafiti zimeonyesha kwamba wenye dalili nyingi za ADHD huikuza faida wanayoitarajia. Hatari wanaiona, ila faida inang'aa kuliko kawaida.

Kuna jaribio maarufu la kadi lililochapishwa mwaka 1994. Mshiriki huchagua kadi kutoka mafungu manne. Mawili hulipa vizuri kila kadi lakini mara kwa mara hukata pesa nyingi, na mwishowe humfilisi. Mawili hulipa kidogo na kukata kidogo, na mwishowe humpa faida. Watu wengi baada ya kadi kadhaa huanza kuyakwepa mafungu mabaya hata kabla hawajaweza kueleza sababu. Katika tafiti kadhaa, ingawa si zote, kundi lenye ADHD lilichelewa kuhama. Watafiti wa Uholanzi waliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2016 walikuta wenye ADHD huchagua hatari zaidi, lakini kwa tofauti ndogo hadi ya wastani. Kwa hiyo wapo wengi wenye ADHD ambao ni waangalifu kuliko shemeji yako mhasibu. Usijihukumu kwa jina la hali, jichunguze.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ADHD

Siku hizi kila anayesahau funguo anajiita ADHD. Vigezo vya kitabibu ni vikali kidogo. Dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane katika mazingira zaidi ya moja (nyumbani na kazini, kwa mfano), na ziwe zinavuruga maisha kweli. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 18 kwa watu wazima, na 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Ukilijaza na likaonyesha dalili, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali. Jibu lenyewe analitoa daktari wa afya ya akili. Idara za namna hiyo zipo Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania, Mathari kwa Kenya, Butabika kwa Uganda, na katika hospitali nyingi za rufaa. Kama inawezekana, nenda na mama, mjomba au mtu yeyote aliyekulea, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka ulivyokuwa darasa la tatu. Ripoti za shule za zamani nazo ni dhahabu.

Jambo moja lisipite. Kama matumizi ya ovyo, madili makubwa na ujasiri wa ghafla vinakuja kwa vipindi, siku kadhaa mfululizo, huku unalala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na huhisi uchovu, mwambie daktari hivyo hivyo. Hiyo inaweza kuwa baipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kwa vipindi, na matibabu yake ni tofauti. ADHD haiji na kuondoka kwa misimu.

Hali hii pia inatembea kwenye damu kuliko watu wanavyodhani: mchango wa urithi hukadiriwa kuwa asilimia 70 hadi 80. Wazazi wengi hujigundua pale mtoto wao anapopimwa.

Hatua ya 2: Jua mlango unaopitia

Kwa wiki mbili, kila unapofanya uamuzi ulioujutia au ulioponea chupuchupu, andika mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, mwili ulikuwaje (njaa, usingizi, hasira, uchovu, pombe), na nani alikuwepo. Usiandike sababu, sababu tunazitunga baadaye. Tumia sauti ya WhatsApp kujirekodi kama kuandika ni kazi.

Utakachokiona mara nyingi ni kwamba ajali zako zote zinapita milango miwili au mitatu tu. Wengine ni siku ya mshahara. Wengine ni baada ya kugombana. Wanawake wengi husema siku chache kabla ya hedhi kila kitu huwa kigumu zaidi. Na upweke wa jioni, ule wa kukaa bila la kufanya, unaangusha watu kuliko tamaa. Mtu anaweka dau kwa sababu dau linafanya jioni iwe na kitu.

Hatua ya 3: Tenga yanayorudishika na yasiyorudishika

Kosa la wanaojirekebisha kwa nguvu ni kutaka kuchelewesha kila uamuzi. Ubongo wako utachoka kabla ya saa sita mchana. Chakula, nguo, njia ya kwenda kazini, kitabu cha kusoma: amua haraka na uendelee. Haraka yako humo ni faida.

Chukua karatasi uandike yale ambayo ukishayafanya hayarudi: kuacha kazi, kutuma pesa kwa mtu usiyemjua, kusaini kama mdhamini, kukopa, kununua kiwanja au pikipiki, ngono bila kinga, kujibu bosi kwa hasira, kuendesha ukiwa umekunywa. Orodha iwe fupi. Kisha weka kiwango cha pesa. Kanuni nzuri ni hii: chochote kinachozidi kipato chako cha siku moja kinasubiri mpaka kesho asubuhi. Kama unapata 25,000 kwa siku, basi 26,000 inalala. Kiwango kiwe namba, maana "kitu kikubwa" saa tano usiku kinaweza kuwa chochote.

Hatua ya 4: Pesa ya simu na mikeka

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Zamani ili ucheze kamari ilibidi uvae viatu. Ile safari tu iliwaokoa wengi. Leo pesa, mkopo na mchezo viko kwenye kioo kimoja, na kutoka wazo hadi hasara ni namba ya siri ya tarakimu nne. Kazi yako ni kuirudisha ile safari.

Anza na hesabu, uifanye mara moja na uibandike. Chukua mkeka wa mechi 10, kila moja ina odi 1.5, yaani ikishinda dau linazidishwa kwa 1.5. Ukiweka 1,000 unaahidiwa kama 57,600. Odi 1.5 ingekuwa haki kama timu ingekuwa na nafasi ya kushinda mara 2 kati ya 3, yaani asilimia 66 na ushee. Lakini kampuni inakata chake, kwa hiyo tuseme nafasi halisi ni asilimia 63. Tofauti ndogo, eti? Zidisha 0.63 kwa 0.63 hadi zitimie kumi, moja kwa kila mechi: unapata nafasi moja kati ya mia moja hivi. Weka mikeka 100 ya namna hiyo, utumie 100,000, na kwa wastani utarudishiwa kama 57,000. Kata ndogo ya kila mechi inazidishwa nayo kila unapoongeza timu. Na mkeka ukichanwa na mechi moja, kichwa husema "nilikaribia," wakati kukosa kwa mechi moja na kukosa kwa tisa kunalipa sawa: sifuri.

Hesabu ya pili ni ya kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali. Umekopa 100,000 kwa riba ya 30,000 kila mwezi. Ukilipa riba tu kwa miezi mitatu umetoa 90,000 na bado unadaiwa 100,000 ileile. Kwa hiyo kila mkopo uandike kwa namna moja: "nitarudisha shilingi ngapi, tarehe ngapi, kutoka pesa ipi." Asilimia hazimtishi mtu mwenye haraka. Ukishindwa kujaza hiyo "kutoka pesa ipi," usikope.

Sasa vizuizi. Kufuta programu ya kubeti kwenye simu hakutoshi, kwani inarudi kwa dakika mbili. Ingia kwenye akaunti yenyewe, tafuta sehemu ya kujifungia, uchague muda mrefu kabisa uliopo. Usipoiona, waandikie huduma kwa wateja uombe akaunti ifungwe, kisha utunze jibu. Ukifunga moja, ingia kwenye nyingine zote ulizosahau na uzifunge siku hiyohiyo. Jiondoe kwenye huduma za mkopo wa salio au upunguze kikomo chake. Usiache mlango huo wazi kwa ajili ya "dharura," maana dharura ya kwanza itakuwa mechi. Zuia pia namba zinazokutumia ujumbe wa ofa.

Siku ya mshahara, kodi ya nyumba na ada zitoke kwanza, ikiwezekana zenyewe kwa maagizo ya benki. Kinachobaki kigawe mara mbili: cha wiki kikae kwenye laini unayotembea nayo, kingine kikae mahali penye usumbufu. Usumbufu ndio unaoutafuta. Akaunti ya kufungia akiba kwa miezi, laini nyingine iliyobaki nyumbani kwa dada, kikoba ambacho pesa haitoki bila watu wawili kuidhinisha. Upatu unafaa sana kwa wenye ADHD, kwa sababu kijumbe, yule anayekusanya michango, atakupigia simu, na aibu ya kumwambia "sina" inafanya kazi ambayo nia njema haiwezi.

Hatua ya 5: Andika "nikiona hivi, nafanya vile"

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watu hutimiza zaidi wanachokusudia pale wanapofunga kitendo kwenye ishara maalumu: ikitokea hiki, nitafanya kile. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa watoto wenye ADHD, ikawasaidia kujizuia kwenye kazi za maabara. Faida yake ni kwamba uamuzi unakuwa umeshafanyika. Wakati ukifika unautekeleza tu.

Sentensi ziwe za kuonekana kwa macho. "Nitajitahidi kuwa makini na pesa" haina ishara wala kitendo. Linganisha na hizi: "Mtu akiniambia ofa inaisha leo, nitasema: nitakujibu kesho saa nne." "Nikitaka kumjibu bosi kwa hasira, naandika ujumbe kwenye daftari la simu na kuutuma baada ya chakula." "Mshahara ukiingia, nahamisha kodi kabla ya kutoka kitandani." Tatu zinatosha. Zisome kwa sauti, tena mbele ya mtu.

Hatua ya 6: Kichwa cha pili

Chagua mtu mmoja utakayempigia kabla ya lolote lililo kwenye orodha ya Hatua ya 3. Asiwe mwenye kukugombeza, utamkwepa. Asiwe mwenye kukuogopa, atakubali kila kitu. Mwenzi wako anaweza, lakini ndoa nyingi zinapumua vizuri zaidi kazi hii ikifanywa na ndugu au rafiki. Mpe maswali matatu tu ya kuuliza: umeona kwa macho yako? ukipoteza yote utakula nini? kwa nini isiwe kesho?

Simu yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Sauti hiyo kuna jambo."

"Kuna kiwanja Kigamboni. Mwenyewe anataka milioni mbili leo, la sivyo kesho anampa mtu mwingine."

"Karatasi zake umeziona?"

"Kaniahidi kesho."

"Basi na yeye hela ataiona kesho. Serikali ya mtaa wanamjua?"

"Sijaenda."

"Nenda kwanza, mdogo wangu. Ukitoka huko nipigie."

Dada hakumkataza kununua. Angemkataza, kiwanja kingenunuliwa kabla ya jua kuzama. Alichofanya ni kumpa kazi ya mguu: kwenda ofisi ya mtaa, halafu ofisi ya ardhi kuulizia hati. Mtu mwenye ADHD anayeweza kutembea kuelekea jambo husubiri vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa akae tu.

Hatua ya 7: Barabarani

Huko Sweden, watafiti walifuatilia rekodi za watu wazima 17,408 wenye ADHD, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kwa wanaume, vipindi walivyokuwa wakitumia dawa vilikuwa na ajali mbaya za barabarani pungufu kwa asilimia 58 kuliko vipindi wasipotumia. Tafiti za rekodi hazithibitishi kila kitu, lakini kwa bodaboda au dereva wa lori namba hiyo inatosha kumfanya afike kliniki.

Mengine ni ya kawaida na ndiyo yanayookoa. Simu iwe mfukoni imenyamazishwa, haijafungwa kwenye usukani wa pikipiki. Ondoka mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu pupa nyingi barabarani ni ya aliyechelewa. Helmeti ining'inizwe kwenye pikipiki yenyewe. Na kama unatumia dawa ya saa chache, jua kwamba safari ya jioni unaifanya dawa imeshaisha mwilini.

Hatua ya 8: Dawa, na vinavyojifanya dawa

Methilfenideti ni mojawapo ya dawa za ADHD zinazotumika zaidi. Ya muda mfupi hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4 hivi, ya muda mrefu saa 8 hadi 12. Hupunguza hamu ya chakula, huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo vipimo vinatangulia. Inarefusha kidogo ule muda kati ya kutaka na kutenda. Utakachokifanya humo ni juu yako, ndiyo maana hatua zilizotangulia hazifutwi na kidonge. Usitumie ya mtu mwingine. Ni dawa inayodhibitiwa, hivyo anayekwenda kufanya kazi Ghuba apange mapema: Falme za Kiarabu huhitaji kibali kabla ya safari, na popote uendapo beba cheti cha daktari na kopo lenye jina lako.

Wapo wanaosema miraa (mirungi) inawatuliza na kuwapa umakini. Inawezekana wanasema kweli, kwani ina kathinoni, kichangamshi cha ukoo wa amfetamini. Ila kipimo hakijulikani, usingizi unakatika, na usingizi ukikatika pupa ya kesho inaongezeka. Kenya ni zao halali. Tanzania mirungi itakupeleka mahakamani.

Hatua ya 9: Ukishaharibu

Utaharibu, hata ukiwa umefuata yote. Saa 24 za kwanza ni za hatari kuliko kosa lenyewe, kwa sababu ya kutaka kurudisha hela. Kwa hiyo kanuni ni moja: baada ya hasara, hakuna uamuzi wowote wa pesa mpaka ulale usiku mmoja. Mwambie kichwa chako cha pili kiasi kamili siku hiyohiyo, bila kupunguza. Deni lililofichwa huzaa deni jingine la kulifunika. Madeni yakiwa mengi, yaorodheshe na uwapigie wadai kabla hawajakupigia. Wengi hukubali kupanga upya.

Na kama yanakuja mawazo kwamba ni afadhali usiwepo, hilo halisubiri kesho. Mwambie mtu aliye karibu akae nawe, muende hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Kwa walio nyumbani: maneno "hujali" na "umezoea" yameshasemwa kwake tangu shule ya msingi, na hayajamzuia hata mara moja. Swali la "nikushikie kadi mpaka Jumatatu?" linafanya kazi zaidi.

Hatua ya 10: Tarajia mfumo kuchakaa

Karatasi iliyobandikwa ukutani huonekana kwa wiki tatu, baadaye inakuwa sehemu ya ukuta. Kengele ya simu huzoeleka. Kwa mtu mwenye ADHD hilo huja haraka zaidi, na wengi hulichukulia kama ushahidi kwamba "hakuna kinachofanya kazi kwangu." Tenga siku moja kila mwezi, ile ya kikoba inafaa, upitie na kichwa cha pili vizuizi vilivyobaki na vilivyolegea. Vinavyotegemea kumbukumbu vibadilishwe sura: rangi, mahali, sauti, hata mtu. Visivyohitaji kukumbukwa, kama akaunti iliyofungwa na kodi inayojikata, viacheni kama vilivyo.

Katika mapitio hayo mtenge pia fungu la kujaribu: kiasi ambacho kikipotea chote nyumba haitikisiki. Humo nunua mtumba wa kujaribu soko, fuga kuku, jiandikishe kozi ya ajabu. Kamari haihesabiwi humo. Watu wenye ADHD wengi huanzisha mambo ambayo wenzao bado wanayajadili, na fungu hili linawapa pa kuyaanzishia bila kugusa ada ya mtoto. Likiisha, linajazwa mshahara ujao.